Aliyemkimbilia

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa. Uongo. Selemani mwana wa Abdillahi hakuwepo, na lake lote lilikuwepo: sufuria za pilau zilikuwa motoni nyuma ya nyumba, mikeka imetandikwa kutoka barazani hadi ukingoni mwa mtaro wa barabara, ubani unafuka, na mkewe amekaa chumba cha ndani kafunikwa shuka jeupe la eda. Asiyekuwepo ndiye hupewa kila kitu hapa Singida mjini. Akiwepo ndipo taabu inapoanza.

Habari za kifo chake zililetwa na koti. Lori alilopanda na matenga yake ya kuku kwenda Dar es Salaam lilipinduka likawaka moto kwenye mteremko, mbele ya Manyoni. Waliokuwamo hawakutambulika, wakazikwa hukohuko. Kilichorudi ni kipande cha koti la kaki lenye kiraka cha buluu kiwikoni. Abdulrazaki, kaka yake mkubwa, alikitandaza kile kipande juu ya kaunta ya duka lake la jumla, akamwita Zabibu, mke wa mdogo wake, aje atazame. Zabibu akatazama. Kiraka kile alikishona mwenyewe.

Alitoka dukani akigaragara. Aligaragara kwenye vumbi la barabara mbele ya wauza vitunguu, mafundi baiskeli na abiria waliokuwa wakisubiri gari la Ikungi. Ushungi ulibaki dukani. Kanga ya kiunoni ilifunguka, gagulo likaonekana. Alimwita mumewe kwa majina ambayo mke humwita mume mlango ukiwa umefungwa. Wanaume walisimama, wakamtazama, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. "Huyu alimpenda mumewe," walisema, na walisema kwa heshima. Sijaona, wifi yake, alimfunga kanga huku naye analia. Baba mkwe, Mzee Abdillahi, alipita palepale akiegemea fimbo yake, akamwambia, "Lia, mwanangu. Lia." Hakuna aliyetamka neno aibu.

Lishike hilo. Tutalihitaji.

Marehemu akasaliwa sala ya maiti aliye mbali, Zabibu akaingizwa eda, na siku ya hitima ikafika.

*

Sheikh alikuwa anaelekea mwisho wa dua, na harufu ya pilau imeshaanza kuwashinda waumini, pale mtu mmoja alipokatisha kutoka upande wa stendi. Alikuwa amekonda. Amevaa shati la kuazima lililomfika karibu na magoti, na kandambili za rangi mbili. Akasimama ukingoni mwa mikeka. Aliona viatu vingi, akaona masinia.

"Asalamu alaykum," akasema Selemani. "Nani amefariki?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakubaki wa kujibu. Wanaume wazima, wenye ndevu na kanzu zilizopigwa pasi, walitawanyika kama kuku walioonyeshwa mwewe. Abdulrazaki aliruka mtaro, kofia ikabaki upande huu. Sheikh peke yake alibaki kwenye mkeka, na baadaye akakiri kwamba mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Mzee Abdillahi alibaki kwenye kiti chake, macho yamemtoka. Ndani, Bi Rukaiya, mama mzazi wa Selemani, aliubamiza mlango wa mbele na kuuegemea kwa mgongo.

Zabibu alikuwa ameisikia sauti. Alitoka chumbani, akamsogeza mama mkwe wake kama mtu anavyosogeza gunia, akafungua mlango. Alipita katikati ya mikeka ya wanaume akikimbia, akakanyaga sinia la pilau, shuka la eda likamvuka kichwani na kubaki nyuma. Alipomfikia mumewe hakusimama. Alimkumbatia kwa mikono yote miwili, akambusu shavu hili na lile, akambusu paji la uso na mdomo, akaweka sikio kifuani pake, akanyanyua uso akamtazama, akarudia tena kumbusu.

"Una joto," alikuwa anasema. "Selemani, una joto. Una joto."

Mtu ana joto, mzimu hauna. Zabibu ndiye aliyewathibitishia. Mmoja mmoja wakaanza kurudi, wakivuka mtaro, wakifuta vumbi kwenye kanzu, wakitafuta viatu vyao. Hofu ilikuwa imewatoka na pamebaki pengo, na kila mmoja alikumbuka jinsi alivyokimbia na nani alimwona. Lazima pengo lile walijaze na kitu. Wakatazama mbele yao, wakamwona mwanamke kichwa wazi ameng'ang'ania mwanamume mchana kweupe, mbele ya baba mkwe. Wakapumua. Aibu ilikuwa imepata mwenyewe.

Na Selemani? Mikono yake ilikuwa chini. Moyo wa mkewe ulikuwa unamgonga kifuani na alitaka kuinyanyua mikono, Mungu anajua alitaka. Lakini juu ya bega la Zabibu aliyaona macho ya baba yake. Mikono ikabaki chini kama ya mgambo kwenye gwaride.

"Watu, Zabibu," alimnong'oneza. "Watu."

Baadaye alieleza, amekaa juu ya mkeka wa hitima yake mwenyewe. Malaria ilimpanda kichwani kabla ya kufika Manyoni, wakamshusha hajitambui, wakamlaza hospitali. Kabla hajashushwa alikuwa amemwazima utingo wa lori koti lake, maana utingo alikuwa juu na matenga na upepo ulikuwa mkali. Watu walisema Mungu mkubwa. Hakuna aliyeuliza jina la utingo. Pilau ililiwa.

*

Kesho yake Zabibu alipomwamkia baba mkwe hakujibiwa.

"Shikamoo, baba," alisema, amepiga goti na bakuli la uji mkononi, kama kila asubuhi tangu aolewe. Mzee Abdillahi alitazama barabara. Zabibu akadhani hakusikia, akarudia. Mzee akapokea uji, akanywa. Shikamoo ikabaki palepale sakafuni. Keshokutwa hivyohivyo. Anayejua nyumba zetu anajua kwamba kofi lina nafuu kuliko hilo. Kofi lina mwisho.

Bombani foleni ilinyamaza alipofika.

"Mpisheni," akasema mmoja, "mwenye mume aliyefufuka."

"Mpisheni kweli, asije akatukumbatia na sisi."

Wakacheka. Mke wa Alphonce seremala alicheka kuliko wote, mkono umefunika jino alilovunjiwa na mumewe barazani, mtaa mzima ukitazama. Siku ile mtaa ulisema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba.

"Ni hizi video," akaendelea mmoja wao. "Wanaona mambo ya Wazungu na Wahindi, wanatuletea barabarani."

"Mimi sijawahi kuingia banda la video," Zabibu akasema, anatega ndoo. "Anayeingia ni mumeo. Akirudi leo muulize kaona nini, na kwa nini wewe hakuonyeshi."

Kicheko kiligeuka upande, lakini si kwa muda mrefu. Jioni watoto wa mtaa walikuwa na mchezo mpya. Mmoja anajifunika gunia, mwingine anakuja akisema asalamu alaykum, wengine wanakimbia wakipiga mayowe, na mwenye gunia anamrukia aliyekuja. Walicheza mbele ya dirisha lake hadi mwadhini alipoadhini magharibi.

Sijaona alimkuta anachambua mchele.

"Wifi, mimi sikulaumu," alisema. "Ila ungengoja akaingia ndani. Hatua chache tu."

"Na kama asingeingia?"

"Angekwenda wapi, na hapa ni kwao?"

"Wifi, nyie wote mlikuwa mmekimbia. Mtu anafika kwao, anaona watu wanamkimbia. Unadhani angeingia kwa nani?"

Sijaona alichukua kiganja cha mchele, akakichambua. Yeye alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji.

*

Abdulrazaki alikuja na kofia mpya. Hakukaa. Alisimama mlangoni akichezea funguo, maana siku hizi za ruksa ya biashara alikuwa mtu wa funguo nyingi: ya duka, ya ghala la alizeti, na ya banda la video lililokuwa nyuma ya duka, ambako kila jioni vijana walilipa kiingilio na kukaa kwenye mabenchi wakitazama watu wakikumbatiana.

"Shemeji," alisema, "mtaani hatupiti. Msikitini wananiuliza. Mtu anakuja kununua sukari, ananiuliza habari za mke wa mdogo wangu."

"Waambie hajambo."

"Usinifanyie mzaha. Umevuka mikeka ya wanaume ukiwa ndani ya eda."

"Sheikh amesema eda haikuwepo. Mume yu hai, eda ya nani?"

"Sizungumzii sheria, nazungumzia adabu. Baba alikuwa amekaa pale. Mkwe wako. Ukamng'ang'ania mtoto wake mdomoni mbele ya macho yake."

"Shemeji, katika banda lako pale nyuma si ndiyo hayo hayo?"

Abdulrazaki aliacha kuchezea funguo. "Ile ni biashara. Ruksa ni ya kuuza na kununua, si ya kupapasana barabarani. Sikiliza. Ijumaa baada ya sala, wazee watakaa barazani. Utatoka, utapiga magoti mbele ya baba, utaomba msamaha. Baba yako mdogo nimemwita kutoka Ikungi aje ashuhudie. Usipoomba, utaondoka naye. Nyumba hii ni ya baba, na Selemani bado ni mgonjwa, hana pa kukupeleka. Ukajifunze kwanza kwenu."

Alisema 'kwenu' kama watu wa mjini wanavyoisema, kana kwamba Ikungi ni zizi.

Selemani alikuwa kitandani, pazia tu likimtenga na mazungumzo yale. Kaka yake alipoondoka, Zabibu alifungua pazia.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Hukusema kitu."

"Niseme nini, Zabibu? Ni neno moja. Samahani. Mtu anakanyagwa mguu sokoni anaambiwa samahani na asiyemjua. Liseme tuishi."

"Nimemkanyaga nani?"

"Umemvunjia baba heshima."

Zabibu alikaa ukingoni mwa kitanda. Alimshika kifundo cha mkono, akaunyanyua mkono wake, kisha akauachia. Ukaanguka juu ya shuka.

"Kwa nini hukunikumbatia?"

"Watu walikuwepo."

"Nilikuosha nikiwa nimekaa ndani ya shuka lile," Zabibu alisema. "Sikuwa na maiti, kwa hiyo nilikuosha kwa akili. Nilianza na miguu, kwa sababu nilijua itakuwa na vumbi. Nilifika kwenye mikono, nikashindwa kuendelea. Nikakuachia mikono yako bila kuiosha. Halafu nikasikia unauliza nani amefariki."

Selemani aligeukia ukutani. Machozi yalimtoka, kwa sababu ukuta haukuwa watu.

*

Alhamisi, jikoni, Bi Rukaiya alikuwa anakuna nazi iliyoletwa na mabasi kutoka pwani. Nyumba ile ilijivunia kupika nazi, maana babu wa Mzee Abdillahi alikuja na reli kutoka huko, na hawakuacha mtu asahau hilo. Alikuna hadi kifuu kikaanza kutoa weusi.

"Mama, imekwisha hiyo," Zabibu akamwambia.

Bi Rukaiya alisimamisha mkono. Hakugeuka.

"Ni mimi niliyefunga mlango," alisema.

"Najua, mama."

"Mwanangu yuko nje, mimi nimefunga mlango. Nilidhani... Ulipomshika, nikajua ni yeye. Nikataka na mimi nitoke. Nikaona wanaume wanarudi. Nikasema nitangoja waondoke. Walikula, wakanywa chai, wakaketi. Walipoondoka alikuwa amelala. Mpaka leo sijamgusa. Nimempa dawa kwa kijiko."

Zabibu alimwondolea kifuu mkononi.

"Kesho usiwaambie," Bi Rukaiya akasema. "Nakuomba. Kwamba nilifunga mlango."

"Sitawaambia, mama."

"Na wewe omba tu. Sisi wote tumeomba. Mimi nimeomba msamaha ndani ya nyumba hii mpaka nimesahau nilianza kwa kosa gani."

*

Ijumaa mikeka ilitandikwa tena. Wazee walikaa. Mzee Abdillahi alikuwa kwenye kiti chake, Abdulrazaki kulia kwake, Selemani kushoto kwenye kigoda, amevaa shati lake mwenyewe ambalo sasa lilimpwaya. Wanawake walijipanga kwenye korido, nyuma ya pazia. Nje, upande wa pili wa barabara, wauza vitunguu waliacha biashara.

Alute, baba mdogo wa Zabibu, alifika na vumbi la njiani hadi kwenye kope, amebeba jogoo chini ya kwapa. Alivua viatu vyake vya matairi. Hakuna aliyempisha mahali, akakaa pale mkeka unapoishia, nusu juu ya mkeka na nusu juu ya saruji. Mtu mmoja akampokea jogoo bila kusema ahsante.

"Shikamooni wazee," Alute alisema. Alikuwa na umri wa kuamkiwa na nusu yao. "Sisi ni wakulima. Binti yetu amekosa, nimeambiwa. Mimi kama mzazi natangulia kuomba msamaha. Kama ni malezi, makosa ni yetu. Mtusamehe. Mtusamehe sana." Akainamisha kichwa, kikagusa magoti.

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Waliuona uti wa mgongo wa mtu mzima ukipinda, na hilo huwapa watu fulani hamu ya chakula.

Zabibu alikuwa amesimama mlangoni. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa kaki ulioshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Alikuwa amefungasha tangu alfajiri.

"Huo mfuko wa nini?" Abdulrazaki aliuliza.

"Nimekupunguzia kazi, shemeji. Ulisema nisipoomba niondoke. Nimeona usije ukasumbuka kunifungia."

"Mnaona," Abdulrazaki aliwaambia wazee. "Mnaona ulimi huo."

Selemani akainuka kutoka kwenye kigoda. Miguu ilikuwa bado haijapata nguvu, akashika ukuta. Wazee walidhani anakwenda kumwonya mkewe, mmoja akasema, "Naam, mwanamume aseme na mkewe." Selemani alifika mlangoni, akainama, akaunyanyua mfuko. Alirudi nao hadi kwenye kigoda chake, akakaa, akaupakata. Kisha akaukumbatia kwa mikono yote miwili, kidevu juu ya fundo la kamba, mbele ya baba yake, mbele ya sheikh na wauza vitunguu.

"Unafanya nini?" Abdulrazaki akamuuliza kwa sauti ya chini.

Selemani hakuuachia.

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi, na Zabibu alijua ni Bi Rukaiya. Hakugeuka.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mzee Abdillahi alitazama barabara, lakini barabarani kulikuwa na watu wanamtazama. Shikamoo ya mtoto mbele ya wageni haiachwi chini.

"Marahaba," akasema. Halafu, taratibu zaidi, "Sema hilo neno, mwanangu. Sema tumalize, tule."

"Baba, siku ilipoletwa habari ya koti, uliniona wapi?"

Mzee akaisogeza fimbo yake.

"Uliniona barabarani, pale. Nilikuwa kichwa wazi. Kanga ilinifunguka. Nilimwita mtoto wako kwa majina ya chumbani, wazee hawa wakasikia, na wewe ukasikia. Ukaniambia lia, mwanangu. Mliniona mke mwema. Nilifunuka kuliko siku ya hitima, na hakuna aliyeita kikao." Sauti yake haikupanda. "Kumbe mapenzi yangu mnayataka, ila mnayataka akiwa amekufa. Akiwa maiti nimpende hadharani, mpaka nguo zinivuke, mtanifunika. Akiwa na joto nimpende kwa siri kama mwizi."

"Zabibu," Alute alimwita kutoka mwisho wa mkeka, halafu akamwambia jambo kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kubembeleza.

"Baba mdogo, kaa vizuri juu ya mkeka," Zabibu akamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Msamaha ulioomba ni wako, umeutoa kwa sababu una adabu. Umewapa wasiostahili, na jogoo juu. Mimi simo."

"Yatosha," Abdulrazaki akasema. "Atuombe radhi au aondoke."

"Alisimama pale." Zabibu alinyoosha kidole kwenye ukingo wa mikeka. "Katoka kuzimu, ana kandambili za kuokota, anauliza nani amefariki. Wanaume wa mji huu wakamkimbia. Wewe shemeji, mtoto wa mama mmoja na baba mmoja, ukaruka mtaro. Sikukudai msamaha, na simdai yeyote aliyejificha, awe nje au ndani. Mtu akiogopa ameogopa. Lakini nyinyi mlimkimbia, mimi nikamkimbilia, na leo anayewekwa katikati ya mkeka ni mimi."

Sheikh alitazama mguu wake. Mzee Abdillahi aliinua fimbo, akaishusha polepole mahali palepale.

"Neno moja tu," alisema, na sasa alikuwa kama anayeomba.

"Sina, baba. Kesho mkiniletea koti lingine, nitagaragara tena barabarani. Na akirudi tena, nitamkimbilia tena, hapahapa, mkiwa mmekaa hivyohivyo. Siombi msamaha."